Kocha Khisa na Lami ya Saa Tatu

Ukimwona Khisa leo akingoja abiria kwenye steji ya pikipiki karibu na soko la Kitale, huwezi kujua kwamba mtu huyu aliwahi kuwa kocha. Filimbi hana tena shingoni. Ukimuuliza habari za vijana wake wa magurudumu atakujibu kwamba wako, halafu atawasha pikipiki aondoke hata kama hana abiria. Wenzake wa steji wamezoea, siku hizi hawamuulizi.

Alizaliwa kijijini, nje kidogo ya mji wa Bungoma, mtoto wa nne wa mkulima wa miwa. Miwa ilipokosa mnunuzi akaenda Nairobi kama wengine, akapata kazi ya kulinda uwanja wa kuegesha magari. Jumapili magari yakiwa machache, walikuja vijana wa matajiri na viatu vyenye magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja, wakateleza humo kutoka ukuta hadi ukuta. Khisa, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, sare mwilini na rungu mkononi, kazi yake ikawa kuwashikia mikoba. Siku moja kijana mmoja akatupa viatu vyake kwenye pipa kwa sababu kifungo kimekatika. Khisa akaviokota, akavifunga kwa waya. Mwaka wa kwanza alianguka mpaka walinzi wenzake wakaacha kucheka wakaanza kumwonea huruma. Mwaka wa pili hakukuwa na kijana wa tajiri aliyeweza kumshika.

Kazi ile ilipokwisha alirudi huku kwetu, lakini si Bungoma. Alikaa Kitale, akanunua pikipiki kuukuu na kuanza kubeba watu. Jioni akawa anateleza peke yake kwenye uwanja wa kituo cha mafuta kilichofungwa. Kitale walimcheka, tena si kwa siri. Mtu ana miaka thelathini na tatu, ati anacheza na viatu vya watoto! Wa kwanza kuacha kucheka walikuwa watoto wenyewe. Derrick alitoka mtaa wa mabanda wa Kipsongo, kijana aliyeishi kwa kubeba mizigo sokoni. Noah alifuata, mtoto wa fundi baiskeli, na huyu alikuwa na faida kwa sababu baba yake aliwapa mafuta taa ya kuoshea beringi za magurudumu. Viatu vilitafutwa kwenye mitumba, kimoja cha bluu kimoja cheusi, na gurudumu likilika upande mmoja liligeuzwa lilike na upande wa pili. Baada ya miaka minne Khisa alikuwa na vijana wanane, na hakuna hata mmoja aliyemlipa shilingi.

Kati ya wanane hao, mmoja alikuwa Fardosa.

Mama yake, Sabiha, ana duka la vitambaa karibu na msikiti wa mjini. Fardosa aliwaona wale vijana wakipita mbele ya duka, akaacha kukunja vitambaa. Khisa alikwenda kwa Sabiha mara tatu kumwomba. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba mtoto wa kike hatelezi barabarani. Mara ya pili aliachwa amesimama. Mara ya tatu Sabiha alimpa kiti na masharti: suruali ndefu, hijabu ikae chini ya helmeti, na kocha mwenyewe amchukue mlangoni na kumrudisha mlangoni.

"Si kijana mwingine, si boda nyingine. Wewe mwenyewe, Kocha."

"Mimi mwenyewe, Mama Nasir," Khisa akasema. Nasir ndiye kifungua mimba wa nyumba ile.

Kwa miaka miwili alitimiza. Na msichana yule, jamani, alikuwa na pumzi. Wenzake wakifika mwisho wamekunjika kama nguo zilizokamuliwa, yeye anauliza kama wanarudia.

Mwaka jana wakasikia kwamba Bungoma kutafanywa mbio ndefu za magurudumu mwezi wa Desemba, kilomita arobaini na mbili. Khisa hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Bungoma ni kwao, na watu wa kwao watakuwa wamesimama kando ya barabara wakitazama. Akawapangia mazoezi. Siku tatu kwa wiki waliamka alfajiri kwenda barabara ya Suam, ile lami mpya ya kuelekea mpakani, laini kama meza. Hapo aliwafundisha kwenda wakifuatana mstari mmoja, mikono mgongoni, karibu sana, pua ya huyu nyuma ya shingo ya yule. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumzika mgongoni mwake, halafu wanabadilishana. Bila hivyo hakuna anayemaliza kilomita zote hizo. Ubaya wake ni kwamba aliye katikati haoni barabara, anaona mgongo tu. Kwa hiyo kocha hutangulia na pikipiki, na akiinua mkono wa kushoto na kupiga filimbi, wote wanajua kuna kitu mbele.

Lakini barabara ya Bungoma si laini kama ya Suam, na miguu iliyozoea raha ingeshtuka. Khisa akaamua kwamba zoezi la mwisho, wiki mbili kabla ya mbio, litafanywa kwenye barabara kuu ya zamani, kutoka nje ya Kitale, kupita Kiminini, mpaka Lugulu. Lori la rafiki yake litawangoja huko liwarudishe.

Tatizo lilikuwa mahindi. Ilikuwa mwisho wa Novemba, na mtu yeyote wa sehemu zetu anajua Novemba lami inakuwa ya nani. Mavuno yametoka shambani yakiwa mabichi, mvua haitabiriki, na lami ikishika jua inakausha kwa siku mbili kile ambacho uwanja wa nyumbani ungekausha kwa wiki. Basi umande ukiondoka, watu wanatandaza mahindi kando ya barabara maili nzima, wengine juu ya turubai, wengine juu ya lami yenyewe. Gari halijali. Kwa mtu aliyevaa gurudumu lenye upana wa vidole viwili, punje moja inatosha kuushika mguu ubaki pale huku mwili ukiendelea.

Khisa hakuwa mjinga. Jumatano ya wiki ile alipoteza kazi ya siku nzima, akapita na pikipiki nyumba kwa nyumba kuwaomba wenye mahindi. Kwenye mteremko mrefu wa kushukia mtoni alimkuta mjane wa miaka sitini hivi, Phelista, akipura mbele ya nyumba yake. Pale ndipo Khisa alipopaogopa kuliko pote, kwa sababu ukishaanza kushuka huwezi kusimama. Alimweleza kila kitu. Vijana watatoka saa kumi na mbili asubuhi, watapita hapo kabla ya saa mbili.

"Kocha, mimi siwezi maliza mtoto wa mtu," Phelista akamwambia. "Mpaka saa tatu barabara ni yenu. Ikipita hapo, utusamehe, ni yetu. Jua ndio hilo tu tuko nalo."

"Saa tatu ni nyingi, mama. Tutakuwa tumefika mbali."

Walishikana mikono kwa makubaliano hayo, na yule mama akampa muhindi wa kuchoma ale njiani. Usiku huo Khisa aliwatangazia vijana wake sheria moja: lami ya saa tatu si yetu.

Ijumaa jioni simu ikalia. Alikuwa Bramwel, msaidizi wa mheshimiwa mmoja anayetaka kiti uchaguzi ujao. Mheshimiwa amesikia habari za vijana wa magurudumu na moyo wake umeguswa. Kesho atakuja mwenyewe kuwapeperushia bendera, atawaletea helmeti mpya, na siku ya mbio atatoa gari la kuwapeleka Bungoma.

"Lakini Kocha, msitoke kabla hajafika. Unajua itakuwa vibaya."

Khisa alijua. Miaka minne hakuna mkubwa aliyewahi kuwapa hata soksi. Alisema asante mara nyingi mpaka Bramwel akakata simu.

Jumamosi saa kumi na mbili kasorobo wanane walikuwa wamesimama nje ya mji, viatu vimefungwa, helmeti kuukuu za baiskeli vichwani. Khisa alipiga simu. Bramwel akasema wako njiani. Saa moja wako njiani. Saa mbili kasoro wamefika mzunguko, na huo mzunguko sijui ulikuwa wa mji gani, kwa maana kutoka mzunguko wa Kitale mpaka pale hata mlevi anafika kwa robo saa. Hawa watu wetu wakubwa wana saa zao, na sisi tuna ugonjwa wa kuzingoja, tena tunaona ni adabu.

Fardosa aliteleza polepole mpaka kwenye pikipiki. "Kocha, si twende tu? Watatupata mbele."

"Mgeni akiwa njiani hatuondoki, Fardosa. Ataona tumemdharau."

"Na mahindi je, Coach?" Derrick akadakia. "Wasee wataanika saa hii bana."

Khisa akatazama simu yake, akasema dakika kumi. Akasema dakika kumi mara sita.

Saa tatu na dakika kumi magari matatu yakafika. Mheshimiwa akashuka, akawasalimu "Niaje, champions!", akasema vijana ndio viongozi wa kesho, akagawa helmeti. Zilikuwa na picha yake ubavuni, na zote saizi moja, kubwa. Ya Fardosa ilicheza kichwani hata baada ya kukazwa. Akaomba avae yake ya zamani, iliyomkaa. Bramwel akamwambia, "Vaa hiyo tu dada, ni ya picha," na Khisa, aliyesikia, akanyamaza. Bendera ikapepea, picha zikapigwa, mheshimiwa akaomba radhi kwamba ana mazishi mawili ya kuhudhuria. Alikaa dakika saba. Magari yalipogeuka, vijana walikuwa tayari wanateleza kuelekea Kiminini mbele ya kamera, na ni nani angewarudisha?

Khisa angewarudisha. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe husema hivyo. Filimbi ilikuwa yake, vijana walikuwa wake. Angepuliza mara moja tu, wangegeuka.

Mahindi ya kwanza waliyakuta baada ya Kiminini, pahali tambarare. Wakapunguza mwendo, wakapita majanini, wakarudi kwenye lami. Ikawa hivyo mara tatu, na kila walipovuka salama Khisa alijiambia kwamba inawezekana. Saa nne na robo wakafika mteremko wa mtoni.

Chini ya mteremko aliona turubai za Phelista zimetandazwa vizuri kabisa, nje ya mstari wa njano, kama mama mwenye adabu anavyoanika. Lakini ng'ombe walikuwa wamepita wakizikanyaga, na punje zilikuwa zimesambaa upana wote wa upande wao. Khisa akainua mkono wa kushoto, akapuliza filimbi mpaka masikio yake mwenyewe yakauma. Derrick, wa kwanza, akaruka majanini. Noah akamfuata. Fardosa alikuwa wa tatu, na mgongo ulioondoka mbele yake ulimwachia lami iliyojaa punje.

Wa nyuma walijitupa majanini. Khisa alipogeuza pikipiki alimkuta Fardosa ameegemea nguzo ya saruji ya daraja dogo. Helmeti ilikuwa mita kumi nyuma. Ilimtoka kabla hajafika chini.

Pikapu iliyobeba kuku ilisimama, kuku wakateremshwa. Phelista alikuja akikimbia na leso yake, akakifunga kile kichwa kwa mikono yake, akilia kwa Kibukusu. Mpaka hospitali ya misheni ya Lugulu Khisa alikaa nyuma ya pikapu, akimshika msichana asitikisike, akimwambia pumua, na wewe una pumzi Fardosa, pumua. Madaktari walifanya walichoweza. Ilipofika saa saba kasoro wakatoka wakamwambia.

Sabiha alifika na Nasir kwa gari la jirani. Hakupiga kelele. Alimfunika mwanawe uso, akatoka nje, akasimama mbele ya Khisa.

"Ilikuwaje?"

Hapo ndipo Khisa alipofanya kosa la pili, na hili hakuna aliyemngojesha. "Tulitoka mapema, Mama Nasir. Njiani gurudumu la Noah likaharibika, tukachelewa kulitengeneza. Tulipofika tukakuta mahindi."

Noah alikuwa amesimama pale pale. Alitazama viatu vyake.

Maneno hayo hayo Khisa aliandikisha polisi jioni ile. Mahindi yalikuwa barabarani, kweli. Yalikuwa ya Phelista, kweli. Saa hakuitaja, wala helmeti. Nasir, kwa uchungu wa dada yake, alitaka mwenye mahindi akamatwe, na polisi hawakuhitaji kubembelezwa. Phelista alilala kituoni usiku mmoja, na magunia yake kumi na moja yakabebwa kama ushahidi, yakarundikwa nyuma ya kituo bila hata karatasi juu, na mvua ikanyesha. Khisa alipata habari hizo steji. Aliona aibu sana, lakini aliona pia kwamba aibu ya kunyamaza inabebeka, na ile ya kusema hajui ataibeba vipi. Akanyamaza siku ya mazishi, akanyamaza na kesho yake.

Siku ya tatu alikwenda kwa Sabiha kutoa pole. Wanawake walikuwa wameketi mkekani barazani. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti alichopewa karibu na mlango, akawa anatafuta maneno. Hajayapata, pikipiki ikasimama nje. Phelista akashuka, kitambaa kichwani, na mfuko wa unga mkononi. Alikuwa hajui mtu yeyote pale isipokuwa Khisa. Akamsalimu kwa kichwa, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mama, mimi ndio mwenye mahindi," akasema. "Polisi wameniachilia jana. Nikasema siwezi kaa nyumbani kabla hujaniona na macho yako."

Wanawake wote mkekani wakamgeukia.

"Kocha alinipitia Jumatano, akaniomba vizuri, nikakubali. Jumamosi nimekaa na magunia yangu kando ya barabara toka saa kumi na mbili. Nilikuwa nataka niwapigie makofi wakipita. Saa mbili hawajakuja. Redio ikasoma habari ya saa tatu, hawajakuja. Nikasema labda safari imekufa. Nikangoja tena nusu saa, ndio nikamwaga." Akajifuta uso. "Ningengoja tu, mama. Jumapili pia jua lilikuwako. Nisamehe sikungoja zaidi."

Yule mama hakumtazama Khisa kwa lawama. Hakuwa amekuja kumshtaki mtu. Alikuwa anaomba msamaha kwa nusu saa aliyoitoa bure, na hakujua ni nani aliyeila.

Sabiha alikuwa amegeuka polepole. "Kocha. Lile gurudumu la Noah liliharibika saa ngapi?"

"Mama Nasir..."

"Saa ngapi?"

"Halikuharibika."

"Mlitoka saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini."

"Mimi nilimwamsha kabla ya adhana. Nilimpikia chai, ukamchukua hapo mlangoni bado giza. Kutoka saa hiyo mlikuwa mnangoja nini?"

"Mheshimiwa. Alisema anatuletea helmeti."

"Akakaa muda gani?"

"Dakika saba," Khisa akasema.

Sabiha hakulia, hakumtukana, na Khisa anasema bora angemtukana. Alisogea kwenye mkeka akaacha nafasi kando yake, akamshika Phelista mkono na kumkalisha hapo. "Kaa hapa na sisi, mama," akamwambia. Kisha, bila kumtazama Khisa: "Wewe nenda ukamtolee huyu mama mahindi yake."

Alikwenda moja kwa moja, hata viatu akavivalia kwenye pikipiki. Kituoni alipita kando ya yale magunia, yameanza kunuka, mengine yamevimba kwa maji. Ofisa wa zamu, mtu wa makamo mwenye miwani, alifungua kitabu akamsikiliza. Khisa akasema yote, tangu simu ya Ijumaa mpaka ile helmeti iliyotoka. Ofisa alikuwa akiandika vizuri tu mpaka lilipotajwa jina la mheshimiwa. Hapo kalamu ikasimama.

"Hilo siwezi kuandika, bwana. Unataka nihamishwe? Nipe sababu ingine ya kuchelewa."

"Basi andika mimi niliogopa kumkosea mgeni."

"Kuogopa si sababu. Hakuna mtu anaweza kubali hiyo kortini."

"Najua," Khisa akasema. "Lakini sina nyingine."